Mstari Wangu wa Parachichi

Mimi sili parachichi. Mtu akisikia hivyo anacheka, maana ukiingia Muyinga, kuanzia mjini mpaka kule Mwakiro, ukauliza miche ya parachichi ya kubebeshwa, watakuonyesha lango langu la bluu. Nyumba yangu ya vigae imejengwa na parachichi. Gari langu linakunywa parachichi. Wanangu wamesoma shule ambazo mimi nilikuwa nazipita nje nikisukuma baiskeli, mimi niliyeacha darasa kabla mkono haujazoea kalamu. Lakini kulila, hapana. Likikatwa mbele yangu, ule ulaini wake, ile kijani inayogeuka nyeusi huku unaiangalia, koo linafunga lenyewe. Watu wanasema ni maringo ya tajiri. Waseme.

Mwezi uliopita nililetewa sahani ya parachichi mahali ambapo sikuweza kuisukuma kando. Ilikuwa Bugendana, kule milimani Gitega, siku ya kuganduka, ndiyo siku ya kumaliza kilio, na marehemu ni baba yangu mdogo Melkiori. Walinikalisha mbele, kwenye kiti cha peke yake chenye kitambaa cha kufuma, chini ya picha yake aliyopigwa amekunja uso kama mtu anayeogopa kuombwa kitu. Wengine wote walibanana kwenye mabenchi. Gari lililosimama nje lilikuwa langu, mchele uliokuwa unapikwa nyuma niliuleta mimi, kwa hiyo kiti nilikistahili na sikumshukuru mtu. Leonidasi, kifungua mimba wa marehemu, ambaye sasa ana mvi na tumbo, akaniletea sahani kwa mikono miwili. Wali, maharage, ndizi, nyama ya mbuzi, na juu yake vipande vya parachichi vimepangwa kama maua. "Chukua, cousin," akasema. "Hii avoka iko ya mzee mwenyewe. Alipanda na mikono yake." Benchi zima likaitikia. Mzee alikuwa na mkono mzuri, mmoja akasema. Mzee alipenda sana miti, akasema mwingine, na mwanamke mmoja akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Wote wananitazama. Nikatia kipande mdomoni. Kilikuwa maji matupu na nyuzi, na uchungu kidogo upande wa kokwa. Nikakisukuma shavuni, nikakishikilia hapo wakati hotuba zinaendelea, na katika kukishikilia ndipo mwaka ule ukanirudia wote, kwa harufu yake.

Mwaka ule amani ilikuwa bado mbichi. Redio zilituita turudi, na malori yakaanza kututoa sisi wakimbizi kambini Tanzania, yanatupitisha Muyinga, yanatumwaga kila mmoja kwenye kilima cha baba yake, maana kwetu kijiji ni kilima. Nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinajaribu. Wenzangu lorini walibeba mabati, milango iliyong'olewa pamoja na bawaba zake, kuku waliofungwa miguu. Mimi nilibeba makopo ya mafuta ya kupikia niliyotoboa chini, na katika kila kopo mche wa parachichi niliobebesha mwenyewe. Kubebesha ni hivi: unaotesha mbegu ya parachichi lolote, hata la jalalani, linakupa mguu wenye nguvu. Halafu unakata kichwa cha mche huo kwa wembe, unachomeka kikonyo kilichotoka kwenye mti wenye tunda la maana, unafunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli mpaka vishikane. Mguu ni wa mtu yeyote. Kichwa ndicho unachokitafuta. Kazi hiyo niliijua kwa kuiba kwa macho na kuharibu miche mingi, na mpaka leo sijaona mkono unaoushinda wangu. Mama mmoja lorini, amekumbatia bati lake, akaniangalia akatikisa kichwa. "Kijana, wenzio wanabeba nyumba, wewe unabeba kachumbari." Lori zima likacheka. Nikawaambia wacheke polepole, wasije wakamaliza meno ya kulia kachumbari yangu ikikomaa.

Chumba nilichopewa na baba mdogo kilikuwa stoo ya ndizi. Humo ndimo walimozifukia ziive kwa ajili ya pombe, na machicha ya pombe iliyopita yalirundikwa kwenye kona, yamevimba, yanatoa povu, yamefunikwa na vile vinzi vidogo vinavyoingia puani. Ukuta mmoja ulikuwa wa udongo, mwingine wa matete, na nyuma ya matete kulikuwa na mbuzi, kwa hiyo upande mmoja ulinuka uchachu na upande mwingine mkojo, na mimi katikati na mkeka wangu. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na maharage ya mawese, si kibaya, lakini mama mdogo Generoza alinipakulia peke yangu, na maji alinipa katika kikombe chekundu cha plastiki ambacho hakuna mwingine aliyekigusa. Nikimaliza alikibeba kwa vidole viwili na kukipindua juu ya mti wa ua, nje, mvua ikioshe. Nilidhani ni kikombe cha heshima, cha mgeni. Nilikuwa mjinga wa mambo hayo, na ujinga wa namna hiyo haukunitoka kwa kusoma, ulinitoka kwa kutapika.

Mrija ndio uliowaonyesha kwanza kwamba mimi si wao. Jua likiinama wanaume wa kilima walikuja uani kunywa urwarwa, hiyo pombe ya ndizi, chungu kimoja na mrija mmoja. Mrija ulitoka katika mdomo huu ukaingia katika ule, midomo isiyo na meno, midomo ya tumbaku, na kati ya mdomo na mdomo uzi wa mate ulinyooka ukakatika. Siku ya kwanza uliponifikia niliufuta kwa shati langu. Kambini tulifundishwa hivyo, kipindupindu kilikuwa kimetuzoea. Lakini pale uani maneno yalikatika. Baba mdogo akautoa mrija mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akampa jirani. Haukunirudia tena.

Yote hayo niliyavumilia kwa sababu moja. Nilirudi kwa ajili ya sehemu ya baba yangu. Alizaliwa kwenye itongo lile, ardhi ya ukoo, na kabla hajafia kambini alikuwa ananitajia mipaka yake mfano wa mtu anayesali: jiwe, mgomba, kijito, njia. Kila nilipouliza, baba mdogo alijibu kwa Kiswahili chake alichokiokota Bujumbura alipokuwa kijana. "Tutaona. Kula kwanza." Nikala kwanza. Mvua ya kwanza iliponyesha nikaotesha mapapai nyuma ya jiko, mama mdogo akacheka tu, akasema mapapai yanampa kuhara. Nikaona ruhusa ndiyo hiyo. Nikachagua mteremko uliokuwa mtupu chini ya migomba, nikavuta kamba, nikachimba, nikaipanda miche yangu ya parachichi katika mstari ulionyooka toka mgomba wa mwisho hadi njia. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Kambini kila kitu kilikuwa mstari: mahema mstari, vyoo mstari, watu wa kupokea unga mstari. Nilipomaliza nikasimama mikono kiunoni kuutazama, na nakwambia ulikuwa mstari wa kupiga picha.

Jioni ile nilikuwa stoo naosha miguu, wao wako sebuleni. Kirundi changu kilikuwa cha kambini, cha kusalimia na kugombana. Nikamsikia mama mdogo anasema, "Uyu muhungu yaraduteye." Baba mdogo akaguna. Mama mdogo akarudia peke yake, kama mtu anayeonja neno, "Yateye." Gutera nililijua, ni kupanda. Kijana huyu ametupandia, ndivyo nilivyosikia. Nikatabasamu na beseni langu. Kesho yake majirani wakaanza kuja kuutazama mstari, wanasimama njiani wamekunja mikono, hawasemi, wanaondoka. Mimi nawafuata nyuma nawaeleza mguu ni upi na kichwa ni kipi, utepe wa mpira unafungwaje, tunda litakuwa kubwa namna gani. Nilifikiri wanastaajabu.

Aliyenifungua macho ni Leonidasi, na alinifungua huku anacheka. Wakati huo alikuwa anasoma sekondari Gitega mjini na alikuja Jumamosi kuchukua unga. Alinikuta nimechuchumaa kwenye mche, akabaki wima, hataki kuchafua suruali ya shule.

"We Mutanzania, unajua mama anasema nini juu yako?"

"Anasema nimepanda."

"Bon, gutera ni kupanda, ni kweli. Mais gutera ni kushambulia vilevile. Anasema umetushambulia. Donc vita iko hapa, sha, na we ndiye jeshi, na we mwenyewe hujui."

"Vita ya parachichi?"

"Maharage unaweka, unakula, inaisha. Papayi inakufa haraka. Lakini avoka itabaki mzee akishakufa. Mtu mwenye amekaribishwa haweki mti. Kuweka mti ni kusema hapa ni kwangu. Na tena umeweka mstari, mon vieux. Mstari ni urubibe, ni mpaka. Umekata shamba ya mzee katikati, mchana, na watu wanaangalia."

Nikamwambia ni parachichi za kula wote. "Wote nani?" akauliza, akaenda zake na unga wake.

Jumapili baada ya misa waliniita uani. Walikuwepo bashingantahe, wale wazee wa kilima wanaoamua kesi, na chungu kilikuwepo pia, kwa sababu kesi haianzi na koo kavu. Walikunywa kwanza. Nilisimama nikiutazama mrija unavyozunguka, mate yale yale, na watu wenye mate hayo ndio wataniambia mimi ni nani. Baba mdogo akaanza kwa sauti ya huruma. "Huyu mtoto nimemupa chumba. Nimemupa chakula. Mrija yangu anafuta kama iko ya mgonjwa. Nikanyamaza. Sasa anakata shamba." Mzee mmoja mwenye koti la mvua, na mvua haipo, akanigeukia. "Nani alikuonyesha pahali pa kupanda?" Nikasema hakuna. "Basi ulikuwa unapanda kwa nani?" Nikajibu kwa sauti, kwa kuwa sikuwa na la kuficha. "Kwa baba yangu." Nilimwona mama mdogo, mlangoni, anafunga mikono kifuani. Wazee wakatazamana, hakuna aliyekasirika, walikuwa na uso wa watu waliopata walichokuja kutafuta.

Ndipo baba mdogo akasimama akaniwekea mkono begani. Ulikuwa mkono wa joto, wenye jasho, nausikia mpaka sasa. "Mwana wa kaka yangu," akasema, na hajawahi kuniita hivyo. "Miti inaleta kelele. Ng'oa wewe mwenyewe, na mikono yako, mbele ya hawa wazee. Kisha tutaongea sehemu ya baba yako." Nikaamini. Nani hataamini, mbele ya wazee wote? Nikashuka na jembe, nao wakashuka nyuma yangu na mrija wao, nikang'oa mche mmoja mmoja na udongo wake nikairudisha katika makopo. Mizizi ilikuwa imeanza kushika. Ukivuta mzizi uliokwisha shika unatoa sauti ndogo, kama kitambaa kinachochanika mbali. Mzee wa koti la mvua akapiga miayo.

Asubuhi yake nikamkuta baba mdogo barazani anachokonoa meno kwa kijiti. Nikamkumbusha. Akakitazama kijiti, akakifuta kwenye suruali, akakirudisha mdomoni.

"Sehemu gani?"

"Uliyosema jana. Ya baba."

"Mtu mwenye sehemu hang'oi miti yake," akasema. "Angekataa. Angesema mnikate mikono kwanza. Wewe uling'oa, wazee waliona. Basi umekubali kama si kwako."

Hakukasirika. Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini maji yanateremka. Nilikwenda nyuma ya ua nikatapika ugali wa asubuhi wote, na nilipoinuka nikakiona kikombe changu chekundu kimepinduliwa juu ya mti wa ua, kinanitazama. Siku hiyo hiyo nikafunga mzigo. Kopo moja halikuwepo. "Mbuzi," mama mdogo akasema bila kuulizwa, akaendelea kupeta maharage. Nikamwachia mbuzi.

Muyinga niliijua kwa kuipita na lori tu. Nilishukia huko kwa sababu hela yangu ya gari iliishia huko, na Mungu ana mzaha wake, pakawa ndipo penye mkate wangu. Mtaa wa Waislamu, mafundi seremala na washona nguo na wachuuzi, watu wanaokwambia karibu kwa Kiswahili nawe unalielewa neno zima. Nilipanga chumba kwa Mama Zuena, mjane mnene aliyechoma vitumbua kila alfajiri, na chumba kile kilinuka iliki na moshi. Niliyaweka makopo yangu uani kwake yamejipanga kando ya ukuta, sithubutu kuyatoa. Siku kadhaa akayazunguka na sinia lake, halafu akachoka.

"Baba, hii miti yako iko inangoja nini ndani ya makopo? Inangoja visa?"

Nikamwambia siwezi kupanda kwa mtu. Nikamweleza, na nikamuuliza kama haogopi nitamnyang'anya kiwanja.

Akacheka mpaka akaketi. "Ukitaka kuniibia nyumba na avoka, utangoja sana. Mi nitakuwa nimekufa zamani. Panda. Tena uweke pale, jua inaniunguza nikichoma vitumbua."

Nikapanda. Sikuvuta kamba.

Lakini kutoka miche michache hadi lango la bluu kuna njia, na njia hiyo nilipita ndani ya uozo, kwa mikono yangu, sikubebwa na mtu. Nilihitaji miguu, yaani mbegu, na mbegu za bure ziko jalalani. Kila soko lilipovunjika nilikwenda nyuma ya vibanda, pale wanapotupa maparachichi yaliyopasuka, lundo jeusi linalotembea kwa funza, nikaingiza mikono mpaka viwiko kutoa kokwa. Uji ule uliingia chini ya kucha na haukutoka kwa sabuni wala kwa majivu. Wasichana wa mtaani walinipisha njia wameziba pua. Waliniita Bwana Uozo, na wengine wao baadaye walikuja kununua miche na watoto wao mgongoni, nikawauzia bila kuwakumbusha, ila nilikumbuka. Kufikia mwisho wa mwaka ule ua wa Mama Zuena ulikuwa kijani ukuta hadi ukuta, watu wanatoka Mwakiro kwa miguu kufuata kichwa kile nilichokibeba lorini, na mimi nilikuwa nimekwisha kushindwa kuweka parachichi mdomoni. Mama Zuena alijua. Alinikatia papai.

Basi hotuba zikaisha pale Bugendana, na Leonidasi akanishika mkono tukaone mti wa mzee. Ulikuwa nyuma ya jiko, mahali palipokuwa na mapapai yangu, mti mkubwa, umechafuka, matunda madogo yameanguka chini yanaoza na nyuki wamo. Nikainama kama mtu anayekagua mali. Karibu na ardhi shina lilikuwa na kidonda cha zamani, kimevimba kama goti la mgonjwa, na kutoka kwenye uvimbe ule ilichungulia ncha nyeusi. Utepe wa mpira wa baiskeli. Gome lilikuwa limeumeza. Juu yake pamebaki kisiki kikavu, urefu wa kidole, cha kikonyo changu kilichokufa, labda mbuzi alikila kweli, labda hakuna aliyejua kukitunza, na mti wote uliosimama pale ulikuwa umechipuka chini ya kidonda, kwenye mguu. Waliliiba kopo wakabaki na mguu. Kichwa kilikufa, na miaka yote hii wamekula mguu, wakausifu, wakaulilia.

Leonidasi hakuona kitu. Alikuwa anaonyesha mteremko kwa kidole. "Donc tuliongea na mama. Utuletee miche yako ile kubwa, cousin. Uje upande hapa chini. Mstari mzima." Na kidole chake kilitembea taratibu toka mgomba wa mwisho hadi njia. Hakukosea hata hatua. Kumbe waliukumbuka, kama mimi nilivyoukumbuka, mstari usiokuwepo, na sasa kwa kuwa nina gari wanautaka urudi.

Nilitoa kisu changu cha kazi nikaikwangua ile ncha nyeusi, nikaivuta. Ikatoka kiasi cha kucha, ikakatika, iliyobaki ikabaki ndani ya mti. Nikaitia mfukoni.

"Ni nini hiyo?"

"Mpira wa baiskeli."

Mama mdogo Generoza alikuwa kizingitini mwa jiko, juu ya kigoda, macho yake yamefunikwa na ukungu. Akainua kidevu kuelekea tulipo. Akauliza kwa Kirundi ni nani huyo amesimama kwenye avoka. "Ni Deo," Leonidasi akamwambia. Mama kizee akafikiri kidogo, midomo inachezacheza.

"Aa," akasema. "Ni we yateye."

Leonidasi akatazama viatu vyake. Kirundi changu sasa ni kizuri, nauzia nacho miche, naapia nacho mahakamani, na bado sijui kati ya yale maneno mawili, aliyepanda au aliyeshambulia, yeye alisema lipi. Nilikitema kile kipande cha parachichi kilichokuwa bado shavuni, pale pale kwenye mguu wa mti, kati ya nyuki, nikaenda kuwasha gari.